Magunia ya Safu ya Nyuma

Siku za kozi, Digna ndiye aliyekuwa mwalimu na mama yake akawa mwanafunzi. Baada ya chakula cha mchana Digna aliketi juu ya kinu kilicholazwa uani, daftari la mama likiwa mapajani. Mama naye, mikono imejaa majivu ya kusugulia sufuria, alijibu maswali kama mtoto wa darasa la pili anayetaka kusifiwa.

“Udhibiti ni nini?” Digna aliuliza, sauti ameikaza.

“Udhibiti ni kuhakikisha kwamba kilichopangwa ndicho kinachotendeka.”

“Ghala la kikundi linafunguliwaje?”

“Kwa makufuli mawili. Watu wawili, kila mmoja na ufunguo wake, na mtu wa tatu anashuhudia.”

“Na anayetunza mali?”

“Anayetunza mali asiwe yeye huyo huyo anayeikagua. Nipe lingine bwana, hilo hata kuku wangu wanalijua!”

Walicheka wote wawili. Kisha mama alinawa, akafunga kitenge, akachukua baiskeli ya marehemu mume wake na kushika barabara ya kwenda Ifakara mjini. Kijiji chao kilikuwa pembeni mwa barabara hiyo, upande wa Kiberege, na kutoka hapo hadi mjini ulikuwa mwendo wa kutoa jasho hasa. Mama, ambaye jina lake ni Yosefina, alikuwa ametumwa na wenzake wa kikundi cha akina mama kusoma mipango na udhibiti wa fedha za vikundi. Tangu amalize darasa la saba hakuwahi tena kukaa kwenye dawati. Jambo hilo lilimpa fahari ambayo hakuweza kuificha, na Digna naye aliibeba fahari hiyo hadi shuleni, akawachosha wenzake.

Mpango wa kikundi ulikuwa mwepesi kuuelewa. Kila mwaka mwezi wa sita, mpunga unapotoka shambani, wanunuzi huja kijijini na bei ya kutupa, nao watu huuza kwa sababu wana shida. Ifikapo Januari, watu hao hao hununua mchele kwa bei ya kukata maini. Mwaka ule wa 1994 akina mama waliamua kwamba hawatauza. Kila mmoja alileta magunia yake yakafungiwa pamoja, mpaka bei ipande mwezi wa kwanza. Katika makisio yao waliandika matumizi ya kila senti, na mstari wa kwanza kabisa ulisema hivi: mtoto wa mwanakikundi atakayechaguliwa kwenda sekondari atalipiwa ada na kununuliwa vifaa kabla ya jambo lolote lingine.

Mwaka huo mtoto wa mwanakikundi aliyekuwa darasa la saba alikuwa mmoja tu, Sikitu, rafiki wa Digna. Mama yake Sikitu aliitwa Mwanasha. Alikuja kijijini kutoka kwenye mashamba ya miwa ya Kidatu baada ya mumewe kufa, akapanga chumba, akakodi shamba, akaanza maisha upya katikati ya watu wasiomjua. Sikitu alikuwa na akili za kutisha. Alikuwa akifanya hesabu za kugawanya kichwani huku anaruka kamba, na alikuwa hapendi kabisa mtu amsifie.

“Ukienda huko bweni utanisahau,” Digna alimwambia siku moja wakiwa kisimani.

“Nitakusahau vipi na wewe una mdomo hivyo?” Sikitu alijibu. “Wewe chunga tu huo mpunga wenu. Mimi kufaulu nitafaulu.”

Mpunga ulitunzwa nyumbani kwa shangazi Balbina. Nyumba yake ilikuwa ya bati na tofali za kuchoma, na chumba chake cha uani kilikuwa na mlango wa mninga. Balbina alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake Digna. Baba alipofariki, baadhi ya ndugu walitaka mjane arudishwe kwao Mahenge na shamba libaki kwa ukoo. Balbina alisimama mbele ya wazee wote akasema, “Wifi yangu haondoki, na anayetaka shamba aanze na mimi.” Hakuna aliyeanza naye. Tangu siku hiyo mama Yosefina hakuweza kumtazama wifi yake machoni akakataa neno lake.

Kwa hiyo, ulipofika wakati wa kugawa funguo, mmoja alipewa Balbina na mwingine Yosefina. Mwalimu Fridolin, mhasibu mstaafu aliyefundisha ile kozi, aliposikia alivua miwani.

“Mali iko nyumbani kwake, ufunguo anao yeye, na ufunguo wa pili unao wewe, wifi yake. Hayo makufuli mawili mmeyaweka ya nini, Mama Digna? Mapambo?”

“Mwalimu, wewe humjui wifi yangu.”

“Simjui, na sina haja ya kumjua. Utaratibu hauulizi mtu ni mwema au mbaya.”

Mama alimsimulia Digna maneno hayo jioni huku akicheka, kama mtu anayesimulia kichekesho cha mjini. Digna alicheka pia.

Ulipofika mwezi wa kumi, ardhi ilikuwa imekauka kama mkate wa juzi na mito midogo yote ilikuwa mchanga mtupu. Alasiri moja mama alikuwa ameshaondoka kwenda kozi. Digna alikuwa anafagia uani aliposikia ndara za shangazi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba, mama. Mama yako ameshakwenda kwa mwalimu wake?” Balbina alikaa kwenye kigoda, akajifuta jasho kwa pindo la khanga. “Mchwa wameingia ghalani, Digna. Nataka nimwage majivu chini ya magunia kabla hawajatafuna. Hebu nipe ule ufunguo wa mama yako.”

Digna alijua ufunguo ulipo, ndani ya kopo la chumvi. Alijua pia jibu la ombi hilo, maana alilisoma mwenyewe mchana ule kutoka kwenye daftari. Watu wawili, na wa tatu anashuhudia. Aliuegemeza ufagio ukutani, akashika vidole vyake.

“Shangazi, mama alisema lazima muwe wote…”

Uso wa Balbina ulibadilika. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisikitika tu, kisha akazungumza taratibu.

“Mimi niliyekubeba siku ya mazishi ya baba yako? Mimi leo Digna unanifungia mlango kama mwizi?”

Mtoto gani angesimama mbele ya maneno hayo? Digna aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Aliingia ndani mbio, akatoa ufunguo, akaukabidhi kwa mikono miwili. Kabla jua halijazama shangazi aliurudisha, pamoja na samaki wawili wa kukaanga waliofungwa kwenye jani la mgomba.

“Usimsumbue mama yako na habari za mchwa,” alisema. “Ana mtihani. Akili yake iache ipumzike.”

Samaki walikuwa watamu. Mama aliuliza wametoka wapi, na Digna akasema wameletwa na shangazi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Basi shangazi akaja tena siku nyingine, na nyingine tena, mara mchwa, mara panya, mara magunia yanahitaji kugeuzwa. Kila mara ilikuwa siku ya kozi. Kufikia mara ya tatu Digna hakusubiri kuombwa, akimwona tu njiani alikwenda mwenyewe kwenye kopo la chumvi.

Mwezi wa kumi na moja ulifika, na ukaguzi ukafika nao. Ulikuwa umepangwa katika utaratibu wa kikundi, na aliyechaguliwa kuwa mkaguzi alikuwa Mwanasha, mama yake Sikitu. Alikuja na bambo aliloliazima kwa mnunuzi mmoja wa Ifakara. Bambo ni kile chuma chenye ncha na tundu ambacho huchomekwa ubavuni mwa gunia, kikitoka kinatoka na punje za ndani. Ukikitumia, gunia haliwezi kukuficha kitu.

Makufuli yote mawili yalifunguliwa. Chumba kilinuka vumbi la mpunga. Magunia yalikuwa yamepangwa safu kwa safu kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, yamejaa, yamesimama wima, yanapendeza. Mwanasha alipita kando akielekea nyuma, bambo mkononi.

Balbina akacheka kwa sauti. “Karibu, mkaguzi! Toboa, toboa yote! Humu ndani kuna mwizi, mimi si ndiye?” Kisha akamgeukia wifi yake, na kicheko kikazimika. “Ndiyo haya uliyokwenda kusomea, Yosefina? Nikulinde nyumbani, uniletee watu wa kunichomachoma?”

Wanawake waliosimama mlangoni wakaangalia chini. Huku kwetu kuna heshima ambazo mtu hazivuki hivi hivi. Kuchoma gunia la mgeni sokoni ni biashara. Kuchoma gunia lililotunzwa na dada wa mume wako, nyumbani kwake, mbele ya majirani, ni sawa na kumwambia kwamba unamwona mwizi. Mama Yosefina alijua kila neno la somo lile. Aliwaza shamba ambalo hadi leo ni lake kwa sababu ya mwanamke huyu mmoja.

“Mama Sikitu, liache tu bambo,” alisema. “Magunia tunayaona. Yametimia.”

Mwanasha alisimama kidogo, akiwa ameshika chuma chake. Yeye alikuwa wa kuja. Angekaza shingo, kijiji chote kingesema wa kuja ameleta fitina. Akashusha mkono.

Digna alikuwa amejipenyeza ndani na watoto wengine. Alifika hadi safu ya nyuma, na hapo akaona jambo. Mwezi wa sita akina mama wote walishona midomo ya magunia kwa uzi wa katani, yeye mwenyewe alikuwa akisokota. Magunia ya nyuma yalikuwa yameshonwa kwa uzi wa buluu, uzi wa kutengenezea nyavu. Aligeuka kumtazama shangazi, akakuta shangazi anamtazama yeye. Digna akanyamaza. Alijiambia kwamba huenda katani iliisha, na kwamba mambo ya ghala ni ya watu wazima.

Mwezi wa kumi na mbili majina ya waliochaguliwa yalibandikwa kwenye mbao za shule. Sikitu alichaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana, msichana wa kwanza kutoka kijijini kwao kwa miaka mingi. Mwanasha, ambaye hakuwa mtu wa kelele, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Balbina naye alikuja kupongeza. Alimkumbatia Sikitu muda mrefu, akaanza kulia, na watu wakasema hiyo ndiyo furaha ya mtu mzima.

Bei ilipopanda kama ilivyotarajiwa, wiki ya pili ya Januari, mnunuzi alikuja na lori dogo. Alikuwa kijana mwenye haraka asiyemjua shangazi wala wifi wa mtu. Alichoma bambo gunia la kwanza, mpunga safi. La pili, safi. Alipofika safu ya nyuma, alilichomoa bambo lake akakung'uta kiganjani, akapuliza. Vilivyokuwa kiganjani vikapeperuka vyote.

“Akina mama,” alisema, “nyie mnauza mpunga au mnauza pumba?”

Alichoma lingine, na lingine. Pumba tupu, zile zinazomwagwa bure nyuma ya mashine ya kukoboa, zimeshindiliwa mpaka gunia likasimama kama lenye mali. Kisha Balbina akakaa chini, pale pale kwenye udongo, akajifunika khanga usoni.

Maneno yalitoka vipande vipande. Mfanyabiashara mmoja alimjia mwezi wa kumi, akamwahidi kwamba akimkopesha magunia machache atamrudishia na ziada kabla ya Krismasi. Balbina akamkopesha. Mtu yule akaja tena kuomba mengine, ili yale ya kwanza yasipotee. Kisha akapanda treni kwenda Dar es Salaam, na hadi leo hajarudi.

“Sikutaka kuiba,” Balbina alisema ndani ya khanga. “Nilitaka ziada. Nilidhani nitawashangaza.”

“Na makufuli?” mwanamke mmoja alipayuka. “Makufuli yalikuwa mawili! Ufunguo wa pili ulikuwa kwa nani?”

Macho yote yalimgeukia mama Yosefina. Naye alikuwa amesimama kinywa wazi, kwa kuwa kweli hakujua ufunguo wake ulitokaje nyumbani. Digna aliona jinsi wanakikundi wanavyomsogelea mama yake, akaona mwanamke mwingine ameshamnyooshea kidole.

“Ni mimi,” alisema. “Mimi ndiye niliyempa shangazi. Mara nyingi. Na uzi wa buluu niliuona siku ya ukaguzi.”

Hakuna aliyempiga. Hata hivyo yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko fimbo. Mtu mmoja alipiga kelele, “Kila mtu achukue chake!” na papo hapo wanawake waliokuwa wakiitana dada walianza kukumbana mlangoni. Wenye waume na baiskeli walifika kwanza. Yale magunia mazuri ya safu za mbele yaliondoka kabla mnunuzi hajawasha lori. Mwanasha hakukumbana na mtu. Vumbi lilipotulia, alikuwa amebakiwa na gunia moja lenye uzi wa buluu, na mama Yosefina amebakiwa na la mpunga ambalo alilikalia ili lisichukuliwe.

Mama alimpa Mwanasha gunia lile. Halikutosha hata ada ya muhula. Akauza baiskeli, ile ya marehemu, ile ya kwendea kozi. Ilichukua siku kadhaa kupata mteja wa kweli, na vifaa vya bweni vilikuwa vingi: godoro, sanduku la bati, sare za aina mbili, ndoo, jembe. Mwanasha alipofika shuleni na binti yake, na nusu tu ya vitu, tarehe ya mwisho ya kuripoti ilikuwa imepita. Walimu walimweleza kwa upole kwamba nafasi ilikuwa imeshapewa mtoto mwingine.

Walirudi kwa miguu kutoka stendi, sanduku la bati kichwani kwa Sikitu. Digna aliwangojea njiani tangu asubuhi. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kuomba msamaha, na yote yalimtoroka.

“Ule uzi,” Sikitu aliuliza, bila kusimama, “uliuona kabla sijafaulu au baada?”

“Kabla,” Digna alisema.

Sikitu akaendelea na safari yake. Wiki iliyofuata alikwenda Mngeta kwa mjomba wake, kuamia ndege kwenye mashamba ya mpunga. Kutwa anapiga debe na kupiga kelele ili kwelea wasitue, yeye aliyekuwa akigawanya hesabu kichwani.

Nyumbani, maswali ya baada ya chakula yaliisha. Mtihani wa kozi mama alikuwa ameufanya tangu mwezi wa kumi na mbili, na matokeo yalipotoka alikuwa wa kwanza darasa zima. Mwalimu Fridolin alimletea cheti mwenyewe. Hakujua la kufanya na miwani yake, mara aivue, mara aivae.

“Mama Digna, mimi nilikufundisha vibaya, au wewe hukunisikia?”

“Nilikusikia, mwalimu. Niliandika yote. Ndiyo maana nimekuwa wa kwanza.” Alikipokea cheti, akakiingiza chini ya godoro. “Nilifikiri hayo ni masomo ya watu wengine, wasiopendana.”

Balbina aliuza shamba lake la bondeni, lile lililokuwa na rutuba kuliko yote, akalipa mpunga wote mwezi wa sita bila kubakiza hata debe. Baada ya hapo hakukaa. Hakuna aliyemfukuza, lakini salamu zake zilikuwa zinapokewa nusu nusu, na akienda kisimani mazungumzo yalikatika. Akahamia kwa binti yake Kidatu. Asubuhi aliyoondoka Digna alimbebea mkoba hadi barabarani. Shangazi alimshika kichwani, akasema, “Siku ile ungeninyima, mwanangu, ningenuna tu,” kisha akapanda gari.

Mavuno yaliletwa tena. Wachache walikataa kurudi kikundini, walio wengi walirudi, kwa sababu wanunuzi wa mwezi wa sita walikuwa wamekuja na bei ile ile ya kutupa. Safari hii ghala lilikuwa chumba cha ofisi ya kijiji. Ufunguo mmoja alipewa mama mmoja wa upande wa juu wa kijiji na mwingine mama wa upande wa chini, wasio na undugu hata wa kusingizia. Mama Yosefina aliandika makisio, na kwenye mstari wa kwanza akaweka jina la Sikitu: shule ya kulipia, mwaka unaofuata, endapo mpunga utafika salama Januari.

Mkaguzi alikuwa yule yule, Mwanasha. Kikundi kilikuwa kimemnunulia bambo lake mwenyewe. Siku ya kupokea magunia alimwita Digna mbele ya watu wote, akamkabidhi.

“Utanisaidia,” alisema. “Anza na lile pale.”

Lile pale lilikuwa gunia la mama yake. Digna alishika chuma, akamtazama mama, na mkono ukawa mzito. Aliona haya, haya ile ile ya mwezi wa kumi.

“Choma,” mama akamwambia. “Choma, mwanangu, usinionee aibu.”

Akachoma. Mpunga ukamwagika kiganjani. Akaendelea na linalofuata, na linalofuata, mpaka akafika kwenye gunia dogo lililokuwa limeletwa asubuhi kwa baiskeli kutoka Mngeta, ujira wa msimu mzima wa kuamia ndege. Mwenye gunia alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa amerefuka na kukonda, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika kwa kupiga kelele.

Digna aliliangalia gunia, akaliangalia bambo. Machozi yakamjaa. “Hili sichomi,” alisema. “Siwezi kumkagua Sikitu. Mimi, wa kumkagua Sikitu?”

Mwanasha alikuja akasimama kando yake. Hakuwa amewahi kumsema Digna tangu Januari, hata neno moja.

“Sikia, Digna. Mimi bambo hili nilikuwa nalo mkononi siku ile. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye zile pumba. Nikaogopa kusemwa, mama yako akaogopa kukosa adabu, na wewe ukaogopa kumkasirisha shangazi. Wote tulimheshimu Balbina. Tungemkagua, angetuchukia wiki moja, angekuwa amepoteza magunia machache, na leo angekuwa hapa ananitania. Hatukumkagua, na sasa hana shamba, hana kwao, na mwanangu hana mwaka. Kumkagua mtu si kumtukana. Ni kumkinga asije akafika mahali ambapo hawezi kurudi. Nyie watoto mkumbuke hilo, sisi tumelijifunza kwa bei mbaya.”

Mama Yosefina alikuwa ameinamisha kichwa juu ya makisio yake, na kalamu haikuandika.

Sikitu akasogea. Aliushika mkono wa Digna uliokuwa na bambo, akauelekeza ubavuni mwa gunia lake mwenyewe, akausukuma. Punje zikatoka, nzito na safi. Digna alizitazama huku akilia, akafuta uso kwa mgongo wa mkono.

“Umeshonea uzi gani?” aliuliza.

“Katani,” Sikitu alisema. “Angalia mwenyewe.”

Digna akainama, akaangalia.